Gugu la majani manono kwenye tuta la mchicha: linalika au ni sumu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Pangani, nalima mchicha nyuma ya nyumba. Kila mvua zikinyesha, kwenye matuta huota gugu la majani manono na shina jekundu, linatambaa chini likajitandaza kama sahani. Asubuhi hutoa maua madogo ya njano, ikifika mchana siyaoni tena. Nikiling'oa na kulitupa pembeni, siku tatu baadaye nalikuta bado bichi, na maua juu. Mama mkwe anasema ni tako la hasani na zamani walilipika. Jirani anasema ni sumu, mbuzi wake alikufa kwa kulila. Nimwamini nani? Na kama linalika, nilipikeje? Mume wangu aliwahi kutolewa mawe kwenye figo.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako anaujua mmea huu vizuri. Jirani naye usimpuuze, maana mbuzi kweli anaweza kufa kwa gugu hili, na sababu yake ndiyo hiyohiyo itakayonifanya nikuombe usimwekee mume wako sahani yake. Nitafika huko. Kwanza tuhakikishe tunazungumzia mmea mmoja.

Majina ya mimea ya porini hubadilika kila ukivuka mto. Wengine huita tako la hasani, kwingine utasikia danga, na kuna mahali jina hilohilo wamepewa majani mengine kabisa. Ndiyo maana sitaki upike kwa kuongozwa na jina. Jina la kitaalamu ni Portulaca oleracea, lililotolewa na mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Linnaeus, mwaka 1753, na neno hilo la pili maana yake ni mboga. Lakini hata jina hilo halitakusaidia chochote ukiwa umeinama kwenye tuta. Kitakachokusaidia ni vidole na macho.

Nenda shambani kesho asubuhi, jua likishachomoza vizuri, kama saa tatu au saa nne hivi. Chuma tawi moja ulivunje. Lisikike likikatika kwa mlio mdogo, kama bamia changa, na pale lilipokatika patoke maji maangavu. Ukiona maziwa meupe, litupe na unawe mikono kabla ya kugusa macho. Hiyo ni jamii ya mziwaziwa, nayo ina aina zinazotambaa chini zenye vishina vyekundu, zinazoota pamoja na tako la hasani kwenye kiwanja kimoja, tena mara nyingine zimesokotana. Kwa mbali zinafanana. Ukizishika utajua: jani la mziwaziwa ni jembamba kama karatasi, la tako la hasani limejaa maji.

Sasa tazama majani. Yana umbo la kijiko, membamba pale yanaposhika shina na mapana kwenye ncha ya mviringo. Hayana manyoya, yanang'aa kidogo. Chini kwenye shina yamepangwa moja huku, moja kule. Kwenye ncha ya tawi yanasongamana pamoja kama yamekaa duara. Katikati ya duara hilo ndipo ua hukaa, halina kikonyo. Lina petali 5 za njano, na kila petali imekatika kidogo nchani, kama kopa ya karata. Kama siku ni ya mawingu huenda lisifunguke kabisa, na mmea haupati hasara, kwa sababu hujichavusha wenyewe. Likifunguka hukaa saa chache tu. Ndiyo maana mchana huyaoni: hayajaliwa na wadudu, yamejifunga.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni tunda. Ua likishasinyaa, tafuta mahali palipobaki kijichungu cha kijani chenye ncha, kidogo kuliko punje ya mchele. Kikikomaa hubadilika rangi kuwa ya majani makavu. Kisukume kwa ukucha upande mmoja. Kitafunguka katikati, nusu ya juu ikitoka nzima kama kawa lifunikalo chakula, na ndani utakuta mbegu nyeusi zinazong'aa, ndogo kiasi kwamba ukipumua karibu zinaruka. Ukiona kawa hilo, pamoja na ua la njano na maji maangavu, umefika.

Kuna mwingine lazima nikutajie, kwa sababu huyu ndiye anayewakosesha hata wataalamu wanaopita haraka. Naye ananenepa majani, anatambaa, anapenda matuta. Wanabotania wanamwita Trianthema portulacastrum, yaani hata jina lake limekopwa kwa mwenzake. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, na katika kila jozi jani moja ni kubwa kuliko lenzake. Maua yake ni meupe au ya waridi, yamejificha kwenye kikonyo cha jani kana kwamba yamefungwa kwenye mfuko mwembamba. Kuna watu wanaokula majani yake yakiwa machanga sana, lakini yakizeeka huharisha vibaya. Wewe usiyaguse. Kama ua si la njano, usiweke chunguni.

Na kwa kuwa uko Pangani, ukishuka ufukweni karibu na mikoko utaona mmea mwingine mnono wenye maua ya waridi au zambarau, unatambaa juu ya mchanga mpaka maji ya bamvua yanapofika. Huo ni Sesuvium portulacastrum. Huko Ufilipino wanautia achari. Unalika, ila una chumvi kali na hutakiwa kuchemshwa na kumwagwa maji zaidi ya mara moja. Usiuchanganye na huu tunaouzungumzia. Yale maua ya bustani ya rangi nyingi, yenye vijani kama sindano nene, wanayoyapanda watu kwenye makopo, ni ndugu wa karibu aliyetoka Amerika Kusini. Hayo yaache yapambe nyumba.

Sasa hilo lililokushangaza, kwamba umeling'oa na bado linachanua. Shina na majani ya tako la hasani ni mtungi. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na ngozi yake ya nje haiyaachii ovyo. Ukiling'oa, linatumia akiba hiyo kumalizia kazi moja tu: kukomaza mbegu. Mmea mmoja mkubwa hutoa mbegu kwa maelfu, na mbegu hizo zinaweza kulala ardhini miaka na miaka zikingoja jembe lizilete karibu na mwanga. Pia kipande cha shina kikiangukia udongo wenye unyevu hutoa mizizi kwenye kifundo. Kwa hiyo palizi ya jembe siku ya mvua, ukakatakata na kuacha pale pale, ni sawa na kulipanda.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na papo hapo hupoteza maji. Mimea kama mahindi na mtama ina njia ya kuvuta hewa hiyo kwa ufanisi zaidi kwenye jua kali. Mimea ya jangwani ina njia nyingine: hufungua vitundu usiku, wakati wa baridi, huihifadhi hewa hiyo kama asidi, kisha mchana hufunga milango na kuitumia. Mimea mingi haina hata moja ya njia hizo, na yenye moja kwa kawaida haina nyingine. Tako la hasani lina zote mbili. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba njia hizo mbili hufanya kazi pamoja ndani ya seli zilezile za jani. Mimi niliposoma hayo nililitazama upya gugu ambalo nimelikanyaga tangu utoto.

Nakueleza haya kwa sababu yanaingia jikoni moja kwa moja. Asidi inayokusanywa usiku ni ile inayolipa tofaa bichi ukali wake. Jua linapokaza na udongo umekauka, majani uliyochuma alfajiri yatakuwa makali ulimini, karibu na ukwaju mwepesi. Uliyochuma saa tisa au saa kumi alasiri, kwenye mmea huohuo, yatakuwa yamepoa, na ladha ya uchachu imebaki kwa mbali. Jaribu mwenyewe: chuma ncha moja alfajiri na nyingine alasiri, uzitafune. Ukitaka kachumbari yenye uchachu usiohitaji ndimu, chuma mapema. Ukitaka mboga ya nazi ambayo watoto hawataikunjia uso, chuma jioni.

Kuhusu lishe, utasikia mengi yaliyotiwa chumvi, kwa hiyo nikupe yaliyopimwa. Mwaka 1992 mtafiti wa lishe Artemis Simopoulos na wenzake walichapisha vipimo vya mmea huu: gramu 100 za majani mabichi zilikuwa na miligramu 300 hadi 400 za mafuta ya omega-3 ya aina ya mimea, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya spinachi, pamoja na miligramu 12.2 za vitamini E na miligramu 26.6 za vitamini C. Kwa majani yaliyoota bila kupandwa, hicho ni kiasi kizuri sana. Lakini wanaokuambia kwamba linachukua nafasi ya samaki wanakosea. Omega-3 ya majani si sawa na ya samaki. Mwili hulazimika kuibadilisha, na huweza kubadilisha sehemu ndogo tu. Wewe mwenye dagaa mlangoni endelea na dagaa wako, na majani haya yakae pembeni yake. Ukiwa na kuku, warushie machicha ya majani, watayamaliza. Simopoulos huyohuyo ndiye aliyewahi kupima mayai ya kuku wa Ugiriki waliokuwa wakijitafutia malisho nje, wakila majani na magugu, akayakuta na omega-3 nyingi kuliko mayai ya dukani.

Sasa kwa jirani yako na mbuzi wake. Tako la hasani lina asidi ya oksaliki nyingi. Asidi hii hukamata madini ya kalsiamu na kuganda nayo. Mbuzi au kondoo aliyelala na njaa, akafunguliwa asubuhi kwenye shamba lililojaa gugu hili na asipate kitu kingine, anaweza kula kiasi cha kushusha kalsiamu kwenye damu yake mpaka atetemeke, aanguke na kufa, na figo zake zikiwa zimejaa vijiwe. Mbuzi anayelionja huku na kule kati ya nyasi nyingine hapati shida. Sijui mbuzi wa jirani alikula nini siku ile, lakini habari yake haihitaji kukataliwa.

Kwa binadamu mwenye afya anayekula bakuli moja la mboga mara mbili tatu kwa wiki, oksaliki hiyo haina neno. Mchicha wenyewe unaoulima unayo, na spinachi pia. Lakini mume wako ana historia ya mawe, na mawe mengi ya figo ni hiyo hiyo kalsiamu iliyoganda na oksaliki. Asile. Na hapa nakuongezea usiloniuliza: mweleze daktari wake kwamba nyumbani mnakula mchicha karibu kila siku. Huenda akamshauri apunguze huo pia, na badala yake ale zaidi sukuma wiki na kabichi, ambazo zina oksaliki kidogo, na anywe maji ya kutosha. Yeyote mwenye figo zilizodhoofika naye ajiepushe, maana mmea huu una potasiamu nyingi vilevile.

Ninyi wengine, pamoja na watoto, mnaweza kula. Ila angalia linakoota. Mmea huu hunyonya kilichomo ardhini, chumvi na madini mabaya pia. Usichume kando ya barabara ya magari, wala karibu na jalala, shimo la choo, gereji, au pamba na nyanya zilizopigwa dawa. Kwenye matuta yako ya mchicha, kama hukupuliza sumu ya wadudu, pako salama.

Upishi wake ni huu. Chuma ncha laini, urefu wa kidole. Mashina manene ya chini nayo yanalika, ila yana utelezi zaidi. Loweka kwenye beseni, usioshe kwa kumwagia tu: mchanga hujificha kwenye vifundo na kwenye duara la majani, na mbegu nyeusi zitazama chini ya beseni. Nyanyua majani, mwaga maji, rudia mpaka chini pabaki pasafi. Mara tatu kwa kawaida. Maji hayo ya kwanza usiyamwage kwenye tuta, yamejaa mbegu.

Chemsha maji kwenye sufuria, tia majani kwa dakika mbili au tatu, kisha chuja umwage maji. Sehemu ya oksaliki huondoka na maji hayo. Kaanga kitunguu na nyanya, tia bizari kidogo, rudisha majani, mimina tui zito, koroga taratibu mpaka lianze kuchemka, epua. Usisahau kuonja kabla ya kutia chumvi, kwa sababu kwenye udongo wa pwani majani huja na chumvi yake. Ndimu huhitaji. Ukiacha jikoni muda mrefu litateleza kama mlenda. Wapenda mlenda watafurahi, na wanaolila kwa ugali na dagaa wa kukaanga hawatakuwa na malalamiko. Mimi napenda liwe bado na ugumu kidogo chini ya jino.

Njia ya pili ni mbichi. Katakata na nyanya, kitunguu na tango, pilipili ukitaka, basi. Au changanya na mtindi, vitunguu saumu na chumvi, kama wafanyavyo Waturuki, ambao huliita semizotu na kulipanda kama tunavyopanda mchicha. Hii si ladha tu. Kalsiamu ya maziwa huikamata oksaliki tumboni kabla haijaingia kwenye damu, kwa hiyo mtindi na majani haya ni ndoa yenye faida.

Na usione haya kulipika. Sudani wanalilima kwa makusudi, huliita rijla, na hulipika na nyama au adesi. Misri ni hivyo hivyo. Bahrain na Kuwait, wasomaji wetu wa Ghuba watalikuta sokoni kwa mafungu, jina lake huko barbir. Wagujarati huliita luni. Wameksiko hulipika na nyama ya nguruwe kwenye mchuzi wa kijani. Wachina hulitumia kama dawa ya kuharisha damu. Bibi zetu walilijua. Tulioenda shule ndio tuliofundishwa kuliita gugu, tukaacha kumfundisha mtoto wa pili.

Juu ya dawa, nasema machache. Watu husaga majani na kuyabandika penye kuungua na jua au kuumwa na mdudu, na ubaridi wake hutuliza, hakuna ubaya. Lakini usikamue glasi za juisi kila asubuhi kwa ajili ya kisukari au presha, na mama mjamzito asitumie kwa njia hiyo. Bakuli la mboga ni chakula. Glasi ya juisi iliyokolea ni oksaliki ya beseni zima kwa mpigo mmoja.

Ukiamua kulipanda, chagua tuta dogo la peke yake. Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo uliolowa, usifukie: mbegu hizi zinataka mwanga na joto. Wiki nne hadi sita baadaye unavuna. Kata ukiacha vifundo viwili juu ya ardhi, litachipua tena. Kwenye matuta ya mchicha, kama hulitaki huko, weka matandazo ya nyasi, nalo litakosa mwanga wa kuota. Na lililopo ling'oe kabla halijatoa ua.

Lile rundo ulilolitupa pembeni liondoe leo, kabla vijichungu havijafunguka. Lisambaze juani kwenye saruji au bati mpaka likauke kabisa, au wagawie kuku. Jirani akiliomba kwa ajili ya mbuzi, mpe kidogo, na umwambie awashibishe kwanza kwa nyasi.